Faili Lililoandikiwa Kuzimwa

Maiti ilikuwa imelala chali kwenye korido ya chini ya hospitali, kiatu kimoja mguuni, kingine kimebaki ndani ya chumba cha seva. Aliyeiburuta mpaka hapo ni mlinzi, naye sasa alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, akihema kama mtu aliyepanda ghorofa kumi kwa ngazi.

Inspekta alifika saa tano kasoro robo asubuhi, akitoka moja kwa moja kwa daktari wa meno. Upande wa kushoto wa uso wake ulikuwa umekufa ganzi kuanzia chini ya jicho mpaka kidevuni. Kila alipotaka kuuliza swali ilibidi abane shavu kwa kidole ili maneno yatoke yamenyooka. Mwingine angeona aibu. Yeye alikuwa na miaka ishirini na sita kazini, na aibu ilimwisha mapema kuliko nywele.

"Marehemu ni nani?"

"Mkuu wa Kompyuta, afande," mlinzi alijibu. "Tunamwita Bosi Funguo. Yaani, tulikuwa tunamwita."

"Ulimkuta saa ngapi?"

"Saa nne na dakika ishirini. Nilikuja kumwambia asogeze gari lake, limeziba njia ya gari la wagonjwa."

"Mlango ulikuwa umefungwa?"

"Hapana. Niliusukuma tu ukafunguka. Kuingia, kichwa kikazunguka. Nikabana pumzi, nikamshika miguu, nikatoka naye kinyumenyume."

Daktari wa polisi alikuwa amepiga magoti pembeni ya maiti. Hakuinua kichwa.

"Hewa ukaa," alisema. "Mle ndani kuna mitungi ya gesi ya kuzimia moto. Ikimwagika, moto unakosa pumzi unakufa. Na mtu vilevile."

"Kwa muda gani?"

"Dakika tatu, nne. Tano kama una mapafu ya mkimbiaji. Huyu alikuwa na kitambi."

Inspekta aliinama akaushika mkono wa marehemu. Kucha mbili zilikuwa zimevunjika. Akaenda mlangoni, akabana pumzi, akachuchumaa. Upande wa ndani, chini kabisa, rangi nyeupe ya mlango ilikuwa imechafuliwa na alama nyeusi za kiatu. Alizihesabu. Zilikuwa saba, zote mbichi.

Mtu hapigi teke mara saba mlango ambao unafunguka kwa kusukumwa. Ama mlinzi alikuwa anadanganya, ama mlango ulifungwa, ukaua, kisha ukafunguliwa. Inspekta alimtazama mlinzi. Jamaa alikuwa anatapika ndani ya kofia yake. Huyo hadanganyi, alijisemea, huyo hana hata nguvu ya kudanganya.

Mkurugenzi wa hospitali alikuja na mtuhumiwa wake kabisa, kamshika kiwiko. Mtuhumiwa mwenyewe alikuwa fundi wa gesi, mtu mzima mwenye mfuko wa spana begani. Alipigiwa simu aje, akaja mwenyewe bila kushikwa shati na mtu.

"Alhamisi huyu ndiye aliyekagua mitungi," alisema Mkurugenzi. "Sahihi yake hii hapa. Koki ameiacha wazi, mtu amekufa. Nataka jambo hili liishe leo. Jumatatu asubuhi mfumo wa kompyuta unaboreshwa, nahitaji chumba changu."

"Uliiacha wazi?" Inspekta alimuuliza fundi.

"Afande, koki ile haiachwi wazi. Inafunguka kwa amri ya kompyuta, na kabla haijafunguka king'ora kinalia nusu dakika ili watu watoke. Mimi nafunga mitungi tu. Amri si yangu."

"King'ora kililia?"

Wote wakamgeukia mlinzi. Mlinzi akatikisa kichwa.

"Hakikulia," alisema. "Ningekisikia hata getini."

"Basi hata king'ora amekiharibu," alisema Mkurugenzi.

Inspekta alimpeleka fundi kwenye gari la polisi, akamfungulia dirisha apate hewa.

"Ukae hapa. Saa kumi jioni lazima nipeleke jina kituoni. Kama sitakuwa na jingine, litakuwa lako."

"Afande." Fundi aliuweka mfuko wake mapajani kama anapakata mtoto. "Mimi nikishaandikiwa tu, hata mkiniachia kesho, leseni imekwenda. Nani atampa mitungi yake mtu anayesemwa kaua? Nina miaka hamsini na tatu. Sijui kazi nyingine."

Inspekta aliufunga mlango wa gari. Ganzi ilimfaa wakati kama huo. Hakuna aliyetegemea uso wake useme kitu.

Chumba cha seva alimwachia Koplo wa Kitengo cha Kompyuta, mama wa watoto wanne asiyetishwa na mashine wala na wakubwa. Koplo alifungua madirisha ya korido, akangoja gesi iishe, akaingia na mfuko wa vielelezo na thermosi yake ya chai. Inspekta akapanda ghorofa ya pili kumwona msaidizi wa marehemu.

Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, blauzi ya kijivu, nywele zimebanwa nyuma. Kalamu mezani kwake zililala sambamba. Wauguzi walimwita Dada Mpangilio, na kwa meza ile hakuna aliyemwonea.

"Pole kwa msiba, dada."

"Asante."

"Bosi wako alikuwa anafanya nini mle ndani siku ya Jumamosi?"

"Leo Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Kila Jumamosi ya kwanza, saa nne kamili, anaizima seva na kuiwasha upya. Mwenyewe. Anasimama mbele ya skrini mpaka mstari wa mwisho."

"Mstari wa nini?"

"Seva ikiwaka inasoma mafaili ya kuwashia, moja baada ya jingine. Hili linawasha mtandao, hili maabara, hili kufuli za milango. Kila kinachowaka, jina lake linapita kwenye skrini. Alipenda kuyaona yakipita."

"Nani anajua kwamba husimama mle?"

"Hospitali nzima. Kila mwezi tunatangaziwa tukae dakika kumi bila kompyuta."

Ukutani kulikuwa na karatasi iliyowekwa ndani ya plastiki. Inspekta aliisoma kwa sauti, akibana shavu.

"'Mafaili yaliyokuja na mfumo yakae kwenye folda ya mfumo. Hatuyagusi. Tuliyoandika wenyewe yakae kwenye folda ya hapa. Kila faili la hapa liseme linawaka baada ya nini. Kila linalowashwa liwe na namna ya kuzimwa.' Nani kaandika hii?"

"Mimi."

"Mbona mkali hivyo?"

"Mfumo ukiboreshwa, folda ya mfumo inafutwa yote, inaletwa mpya. Ukiwa umechomeka faili lako humo, linakwenda na maji. Hakuna atakayekuambia. Kitu hakiwaki tu."

Alisema hivyo kwa sauti ileile ya mtu anayesoma orodha ya vifaa. Inspekta alimtazama usoni akitafuta hofu, majonzi, hata kuudhika. Hakupata kitu. Ganzi yake mwenyewe ilikuwa ya shavu na ingeisha kabla ya jioni. Ya huyu mwanamke hakujua imechomwa wapi.

"Bosi wako amekufa, dada. Naona huna hata chozi."

"Nililia zamani," alisema. "Yaliisha."

"Asubuhi hii saa nne ulikuwa wapi?"

"Humu humu ghorofani."

"Na nani?"

"Peke yangu."

Alijibu bila kumeza mate. Inspekta akashukuru, akashuka.

Mpaka saa nane mchana ganzi ilikuwa inaondoka na jino limeanza kudai haki yake. Koplo alimmiminia chai kwenye kifuniko cha thermosi. Nusu iliingia mdomoni, nusu ikaishia kwenye tai.

"Umenipatia nini?"

"Nimekupatia mgeni," alisema Koplo. "Folda ya mfumo ina mafaili sabini na moja. Nimetafuta orodha halisi ya waliotengeneza mfumo. Wao wametoa sabini."

"Moja limezidi."

"Tena limevishwa nguo za wenzake. Jina la kufanana nao, tarehe ya zamani. Ukipita haraka hulioni. Lakini soma mstari wa pili."

Inspekta aliinamia skrini. Mstari ulisema: *Baada ya: kufuli, king'ora.*

"Nimesoma."

"Umesoma, lakini hujashtuka. Afande, waliotengeneza mfumo huu wako huko mbali, hawajawahi kukanyaga hapa. Wamejuaje kwamba chumba hiki kina kufuli la umeme na king'ora? Faili la mfumo halijui habari za humu ndani. Haliwezi kuzijua. Hili limeandikwa na mtu wa hapa, likachomekwa kwenye folda ya watu."

"Linafanya nini?"

"Linanyamazisha king'ora, linafunga kufuli, linafungua gesi. Na kile kitufe cha kutokea pale mlangoni, ukikibonyeza kinaiomba seva ruhusa. Seva ilikuwa imeshaambiwa ikatae."

Inspekta alizikumbuka zile alama saba za kiatu. Mtu alibonyeza kitufe, akabonyeza tena, kisha akaanza mateke, na juu yake majina ya vitu vinavyowaka yanaendelea kupita kwenye skrini.

"Haya. Mbona mlinzi alikuta mlango wazi?"

"Hapo ndipo patamu." Koplo hakutabasamu aliposema hivyo. "Seva inaweka kumbukumbu. Saa nne na dakika tatu, faili limewashwa. Saa nne na dakika kumi na mbili, faili limezimwa. Amri ya kuzima imetoka ghorofa ya pili, kwenye kompyuta ya pamoja. Anakaa yeyote pale, hata wauguzi wa zamu, na neno la siri limebandikwa kwenye kioo. Kumbukumbu haina jina."

"Limezimwa vipi?"

"Lina sehemu mbili. Ya kwanza *washa*. Ya pili *zima*. Ukiandika *zima* ukabonyeza, gesi inafungwa na kufuli linafunguka."

Inspekta aliweka kifuniko cha chai chini. "Subiri kidogo. Muuaji kakaa, kaandika namna ya kumwua mtu, halafu hapohapo kaandika na namna ya kumwokoa?"

"Si huruma, afande. Ni mkono. Njoo uone folda ya hapa. Mafaili thelathini na moja. Kumi na tisa aliandika marehemu. Yote yana *washa* peke yake. Kumi na mawili yameandikwa na mwingine, na kila moja, hata lile la kuwasha saa ya ukutani ya mapokezi, lina *zima*. Mpangilio uleule, maneno yaleyale, nafasi zilezile. Hata huyu mgeni wetu ana nafasi hizohizo."

"Dada Mpangilio."

"Ameandika sheria, akaibandika ukutani. Mkono wake ukaitii hata pale ambapo hakuna aliyekuwa anamkagua."

"Kwa nini hakulifuta? Alikuwa na muda kabla sisi hatujafika."

"Angelifuta, kumbukumbu ingesema limefutwa. Jumatatu mfumo unaboreshwa. Folda yote ingebadilishwa na faili lingeondoka kimyakimya pamoja na mengine. Tungemwachia Mkurugenzi chumba chake leo, tungekuwa tumemaliza kazi hiyo kwa niaba ya huyu dada."

Inspekta alitazama saa. Tisa na dakika ishirini. Alichapisha faili lile kwenye karatasi moja, akapanda ngazi.

Dada Mpangilio alikuwa palepale, mikono juu ya meza. Inspekta alivuta kiti. Koplo akasimama mlangoni na daftari.

"Dada, hulazimiki kusema lolote. Utakalosema litaandikwa, na linaweza kutumika mahakamani. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Nina karatasi hapa nataka uione. Lakini kabla hujaiona, kwenye gari langu kuna fundi wa gesi. Saa kumi naandika jina lake."

Kwa mara ya kwanza kitu kilipita usoni kwake, kikapotea.

"Yeye amefanya nini?"

"Hajafanya kitu."

"Sasa kwa nini uandike?"

"Mkurugenzi anamtaka. Yuko karibu. Ana sahihi yake kwenye fomu. Mtu akifa hospitali lazima apatikane wa kubeba lawama, wewe unajua."

Alisema tu, kama chambo cha kawaida cha kazini. Hakujua amegusa kidonda.

Alimsukumia karatasi. Mwanamke aliisoma kuanzia juu mpaka chini bila haraka. Akainyoosha mpaka ukingo wake ukalingana na ukingo wa meza.

"Mstari wa nne una nafasi moja imezidi," alisema. "Niliandika haraka."

Koplo aliacha kuandika, kisha akaendelea.

"Ni lako?"

"Ni langu. Fundi mruhusu aende nyumbani."

"Kwa nini, dada? Huyu alikuwa bosi wako miaka mingapi?"

"Tisa." Alikunja mikono. "Miaka miwili iliyopita mume wangu alilazwa hapa, wodi ya tatu. Upasuaji mdogo. Usiku wa pili pumzi zikaanza kumwisha. Mashine ya kitandani ilijua. Ilituma habari. Lakini kengele haikulia kwenye meza ya muuguzi, kwa sababu programu ya kengele haikuwa imewaka. Alikufa mita kumi na mbili kutoka kwa mtu aliyesomea kumwokoa."

"Mbona haikuwaka?"

"Faili lake la kuwashia lilikuwa limewekwa kwenye folda ya mfumo. Bosi aliliweka. Ilikuwa rahisi zaidi, alisema siku moja, huhitaji kufungua folda nyingine. Nilimwambia mara tatu alihamishe. Alinijibu atalihamisha. Nikaamini amelihamisha. Mfumo ukaboreshwa Jumatatu, mume wangu akafa Jumatano."

"Ulijua tangu siku hiyo?"

"Ningejua ningefanya nini?" Aliuliza kama anauliza kweli. "Bosi aliandika ripoti kwamba muuguzi wa zamu alizima kengele alale. Kila mtu akaamini. Mimi wa kwanza. Yule dada alifukuzwa. Siku ya arobaini nilimfuata mpaka kwao. Nilisimama mlangoni nikamwita muuaji, watoto wake wamemshika gauni. Akanikaribisha ndani, nikatema mate kizingitini kwake."

Nje, gari la wagonjwa lilikuwa linarudi nyuma taratibu kutafuta njia.

"Miezi mitatu iliyopita nilikuwa napanga nakala za akiba za zamani. La mfumo huku, la hapa kule. Nikalikuta faili la kengele. Folda ya mfumo. Jina la Bosi juu. Nikampelekea. Akatazama, akasema yameshapita, tusifukue makaburi. Kisha akaniomba nilifute ili folda iwe safi. Akaniambia, si unapenda usafi wewe."

"Ukaamua kumwua."

"Nilienda nyumbani nikapika nikala. Sikuhisi uamuzi. Siku moja nilijikuta naandika tu."

"Na kuliweka kwenye folda ya mfumo?"

"Ya hapa alikuwa anaipitia kila mwezi, angeliona. Na nilitaka likae palepale alipoliweka lake. Liondoke vilevile lilivyoondoka lake."

Inspekta aliinama mbele. Jino lilikuwa linapwita sasa, na hakujali.

"Dakika tisa, dada. Ulikaa dakika tisa kwenye ile kompyuta."

"Neno nilishaliandika. Z-i-m-a. Kidole kilikuwa juu ya kitufe tangu dakika ya kwanza."

"Ulikuwa unangoja nini?"

"Nihisi kitu," alisema. "Furaha. Hofu. Hata kichefuchefu. Nilijiambia kikija chochote, nabonyeza. Nikitetemeka, nabonyeza. Nilikuwa nautazama mkono wangu kama wa mtu mwingine. Hakuna kilichokuja. Dakika ya tisa nikabonyeza kwa sababu lilikuwa limeshaandikwa, na kazi haiachwi nusu."

Inspekta alimwashiria Koplo. Koplo akatoka. Kutoka dirishani walimwona fundi wa gesi akishuka garini, akasimama kwanza kama asiyeamini, kisha akatembea kuelekea getini, mfuko wa spana begani, bila kugeuka nyuma hata mara moja.

Maelezo ya onyo yalichukua karatasi tatu. Inspekta aliandika kwa mkono, kisha akamgeuzia ayasome na kutia sahihi. Alisoma. Kalamu hakuishika.

"Umeanza na Bosi."

"Ndiye aliyekufa."

"Anza na muuguzi. Andika kwamba hakuzima kengele, hakulala, na kwamba mimi nimesema hivyo. Kisha mume wangu. Kisha Bosi. Kisha mimi."

"Dada, maelezo ya polisi hayaandikwi hivyo."

"Basi sitii sahihi."

Ilikuwa saa kumi na dakika tano, na Mkurugenzi alikuwa ameshapiga simu mara mbili. Inspekta alizichana zile karatasi tatu, akachukua mpya, akafungua kalamu.

"Jina kamili la muuguzi."

Mwanamke alifumbua mdomo. Jina la kwanza lilitoka. La pili lilitoka nusu. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, akaufunika uso kwa viganja vyote viwili, na kalamu zilizokuwa zimelala sambamba zikasukumwa na viwiko vyake zikaanguka sakafuni moja baada ya nyingine.

Inspekta hakuziokota. Alingoja mpaka mwanamke alipoweza kulitaja jina lile tena, lote, akaliandika juu kabisa ya ukurasa.